Kazi Aliyonyimwa Mdogo Wangu Kwenye Shule ya Wageni

Mle chumbani tulikuwa watu hawa. Mdogo wangu, tumbo moja, mwalimu wa watoto viziwi. Mimi dada yake. Binti yangu wa pili, asiyesikia tangu homa ilipompiga akiwa mchanga, naye alikuwa mwanafunzi wa huyo mama yake mdogo. Mwalimu mkuu wa shule, mama wa Kizungu. Mama mwingine wa Kizungu, mke wa mtaalamu wa barabara, na mwanawe wa kiume, kiziwi pia. Na bwana mmoja wa ofisi ya elimu, Mfipa mwenzetu, aliyeitwa kutafsiri. Yeye ni mtoto wa shangazi wa mume wangu, kwa hiyo kwangu ni shemeji. Majina yao yote ninayo kichwani, hata la mpishi aliyeleta chai. Siyaandiki, maana wajukuu zao hawakunikosea kitu.

Ilikuwa miaka ya ujamaa. Tulikuwa tumekwisha kuhamishwa, nyumba zetu zimepangwa mistari kama mahindi. Mdogo wangu alikuwa amekwenda kozi ya kufundisha viziwi, akarudi, akapewa stoo ya mbolea iwe darasa. Silabasi, hicho ambacho siku hizi mnakiita mtaala, alipewa ile ya watoto wanaosikia. Ya viziwi aliikata na kuishona mwenyewe. Hesabu alifundishia shambani mwa shule, kwenye yale matuta yetu ya duara tunayofukia majani. Mtoto anagusa tuta, anaonyesha kidole, anaandika udongoni. Binti yangu alijua kujumlisha kabla kaka zake hawajajua.

Kisha tukasikia shule ya watoto wa wataalamu wa kigeni, kule mjini, inatafuta mwalimu wa kumfundisha mtoto wao kiziwi. Mdogo wangu alinijia jikoni akihema. "Dada, wale wana vyombo vya masikio, vya kumsaidia kiziwi asikie. Nikipata kazi, nitaomba mtoto wetu akae darasani na huyo wa kwao. Wawili ni rahisi kuliko mmoja, watakubali tu." Mimi nilichosikia ni vyombo vya masikio. Tukapanda lori la mfanyabiashara wa Majengo, juu ya magunia ya maharage. Yule mzee alikataa nauli, akasema, "Ukishapata kazi ya Wazungu, mwalimu, usije ukajifanya hunijui dukani."

Tulipoingia, mtoto wa Kizungu alikuwa na kisanduku cheusi kifuani, waya umepanda hadi sikioni. Binti yangu hakuondoa macho pale.

Mwalimu mkuu akasema kupitia kwa shemeji: mfundishe kidogo, tuone. Mdogo wangu akafanya kama afanyavyo kila asubuhi. Akachuchumaa mbele ya mtoto, akakutanisha viganja, akapiga makofi ya taratibu, salamu yetu ya Kifipa. Watoto wetu viziwi huanzia hapo, kwa sababu ni neno la mikono wanaloliona nyumbani kabla hawajaona shule. Binti yangu naye akachuchumaa, akapiga. Yule mvulana akawatazama, akacheka, akashuka kitini.

Shemeji akaruka. "Simama! Simama wewe! Nchi imejitawala, wewe bado unapigia magoti Wazungu? Unatutia aibu!"

"Sijampigia Mzungu magoti, shemeji. Nimemsalimia mwanafunzi wangu. Hapo ndipo somo linapoanza. Mwambie huyo mama."

Mwalimu mkuu alikuwa anamtazama shemeji, anangoja. Shemeji akasema Kiingereza kifupi, kama mtu anayefunga mlango. Mimi Kiingereza sikijui, lakini urefu wa maneno naujua. Maneno ya mdogo wangu hayakuingia mle.

Tukaambiwa tukae. Chai ikaja. Sasa likaja swali lenyewe, na shemeji alilisema akiwa amekunja nne.

"Wanauliza, silabasi ya kwao umeifundisha wapi?"

"Mimi nimefundisha viziwi."

"Hawakuuliza viziwi. Wameuliza silabasi."

"Kwani uziwi wa kwao una silabasi yake? Huyu na mtoto wetu hawasikii vilevile."

"Jibu swali, mwalimu."

"Sijaifundisha. Nitaifundisha wapi, na iko humu tu? Wanipe vitabu, nitasoma."

Wakazungumza wenyewe. Shemeji akarudi na jibu: wanataka mtu aliyekwisha kuizoea silabasi hiyo kazini, katika shule kama hii. Akipata mazoea hayo, arudi, watamfikiria.

"Na shule kama hii itanichukuaje bila mazoea hayo?"

"Sasa hapo, shemeji yangu, ndipo pagumu," akasema, akanywa chai.

Nilisimama nikasema kwa Kifipa, ili anielewe yeye peke yake: "Umeshiba chai, na maneno ya mwenzio umeyameza." Akaniambia nisilete mambo ya kijijini ofisini. Ndugu wa ujamaa huyo! Kila mkutano alikuwa akituhubiria usawa, siku ya kumsemea mwanamke wa kwao sentensi mbili akaona aibu ya magoti.

Kazi alipewa mke wa mtaalamu mwingine. Hakuwahi kufundisha kiziwi, lakini silabasi ile ndiyo aliyosomea utotoni. Yule mwalimu mkuu simlaumu sana, alisikia alichoambiwa. Ninayemlaumu namjua.

Mdogo wangu aliendelea kwenye stoo yake mpaka mgongo ulipokataa. Binti yangu hakupata kisanduku. Ana watoto sasa, analima, anapika pombe nzuri kuliko mimi, na mtu akija nyuma yake bila kumgusa bega bado anashtuka. Kila akishtuka, damu yangu inachemka upya kama siku ile. Watu huniambia, bibi, yamepita. Yamepita kwa nani?

Huenda nimekosea rangi ya kisanduku, au nani alikaa wapi. Lakini kama yupo hai aliyekuwa mle chumbani, hasa huyo mvulana, ambaye mama yake labda alimsimulia, na anajua kwamba shemeji alitafsiri maneno ya mdogo wangu kuhusu salamu, yote, bila kuyapunguza, basi anisahihishe. Niko hapahapa. Nitafurahi mno kuambiwa kwamba nilikosea.