Kosa la asilimia ishirini

Kuna jambo nimelificha tangu tulipomzika kaka yangu, na leo futi kamba ya mwanafunzi imelifichua.

Neema, mjukuu wa marehemu kaka, alikuja kutoka mtaa wa Daraja Mbili, mjini, na zoezi la hesabu. Mtu anakadiria urefu, kisha unapimwa, halafu inatafutwa asilimia ya kosa.

"Shikamoo Babu. Kadiria upana wa shamba lako la kahawa."

"Mita arobaini," nikajibu bila kufikiri.

Akapima kutoka masale hadi masale, ile mimea tunayopanda mpakani.

Hamsini kamili.

Akachukua tofauti, kumi, akaigawanya kwa hamsini, akazidisha kwa mia.

"Asilimia ishirini! Babu, na ulifundisha hesabu miaka yote ile?"

Mke wangu akacheka mpaka akakohoa. "Mpe sifuri, mjukuu wangu, naye aionje!"

Nikacheka nao. (Mnafiki mkubwa.) Nikasingizia macho.

Baba yake Neema amepanga chumba mjini kwa sababu shamba alilorithi halitoshi kujenga na kulima. Nilimwambia avumilie, ndivyo baba yake alivyogawiwa.

Daktari amenishauri nisipange mambo ya Krismasi. Kwa hiyo msiniandikie "pole Babu" kwenye maoni hapa chini. Andikeni mnachokiona.

Macho yangu ni mazima. Mita arobaini ndizo alizonipa baba yetu. Wiki ile tuliyomzika kaka, niliyang'oa masale kwa mikono yangu, nikayapanda mita kumi ndani ya shamba lake.