Sukari ya Mke wa Afande

Jamani, leo sukari ya bei rahisi imeniponza!

Tangu wanajeshi washike nchi, maduka ya hapa Nateete ni matupu, na sukari ya magendo haishikiki kwa bei. Kwa hiyo asubuhi nilinunua kilo mbili kwa jirani yangu, mke wa askari, kwa nusu ya bei.

Jioni nikasikia hodi. Ni mume wake, na bunduki begani.

"Mama Kato, mke wangu amekuuzia sukari yangu?"

Nikikubali, mwenzangu atapigwa. Nikikataa, atapekua nyumba. Nikamvutia kigoda, nikamkaribisha akae.

Akacheka.

"Usiogope. Kuanzia leo unanunua kwangu, kila wiki. Bei napanga mimi."

Nikamjibu, "Asante, afande."

Ndugu zangu, nyinyi mngesema nini?