Mwenye Dharura Hasalimii

Miaka ile ya sabini, ukiwa Iringa na ukataka kuongea na mtu wa Mbeya kwa simu, ilibidi upitie kwangu. Nilikuwa opereta wa swichibodi, nimevaa spika za masikioni kutwa nzima, mbele yangu ubao wa matundu na nyaya. Mteja anaingia kibandani, mimi nachomeka waya, naita Mbeya, Mbeya wanamwita anayetakiwa. Laini zilikuwa chache na watu wengi, kwa hiyo foleni ya simu haikupitwa sana na foleni ya sukari.

Sheria ilisema simu ya dharura itangulie. Basi, ukishawaambia watu hivyo umekwisha! Kila mtu akawa na dharura. Mfanyabiashara wa vitunguu vya Ruaha Mbuyuni, dharura. Kijana aliyeachwa na mchumba, dharura. Jirani yangu mmoja, tuliyesoma naye madrasa, alinishika mkono pale dirishani akaapa kwa Mungu kwamba ni dharura, kumbe anataka kuulizia vitenge. Nikamwambia, "Wewe mwanamke, hata haya huna?" Akacheka, na wiki iliyofuata akaja tena.

Neno "dharura" lilikuwa limechakaa, halitusaidii kitu. Ikabidi tusikilize. Opereta alikaa kwenye laini kidogo kuhakikisha watu wanasikilizana, na katika hicho kidogo mimi nilikuwa nimeshamjua mtu. Mfanyabiashara hasemi hujambo, anauliza, "Umeuzaje?" Wapenzi wanaanza kwa kunyamaza, wanapumuliana tu. Ofisa anataja cheo kabla ya jina. Na mwenye mahindi ya magendo anaongea habari za harusi, lakini harusi yenyewe inapakiwa kwenye lori. Kujisifu ni kubaya, ila kwa hilo nilikuwa fundi.

Msimamizi wetu alitoka Dar es Salaam, mtu safi, shati lake limepigwa pasi, hana ubaya na mtu. Mezani kwake alikuwa na waya wa kuingia kwenye laini yoyote. Akatutungia kanuni. Ukisikia bei, chomoa. Ukisikia mtu anauliza za nyumbani, za watoto, za shamba, huyo anapiga soga, chomoa, mwingine apite. "Mwenye dharura hasalimii," alisema, na sote tukaona amesema kweli.

Asubuhi moja akaja mzee wa Kihehe kutoka vijiji vya juu ya Ilula, kavaa koti zito, kofia mkononi. Alitaka kuongea na mwanawe, fundi katika karakana moja ya magari Mbeya. Nikamuuliza ni simu gani, akajibu taratibu kwamba ni ya dharura. Haya, nikamwingiza kibandani, Mbeya wakaitika, kijana akaletwa.

Mzee akaanza na salamu ya Kihehe. "Kamwene." Kijana akaitika. Akamuuliza umelalaje, kazi inaendaje, mke hajambo, watoto je, na yule mdogo mwenye kikohozi? Kijana naye akaanza kumuuliza baba yake za nyumbani, za ng'ombe, za mahindi. Kihehe nakijua, nimezaliwa Iringa, ingawa babu zangu walitoka pwani. Nilikuwa nasubiri wafike mwisho. Mara laini ikafa; msimamizi hajui Kihehe, lakini mlio wa salamu anaujua, ameshachomoa.

Mzee akatoka akasema simu imekatika. Nikamrudisha. Unadhani aliendelea pale alipoishia? Thubutu! Salamu hazikatwi katikati kama muwa. Akaanza upya kwenye kamwene, na walipofika kwenye ng'ombe wakachomolewa tena.

Nikavua spika nikaenda dirishani, hasira zimenipanda. "Mzee, una nini hasa?" Akanitazama, akavua kofia, akaniuliza nimeamkaje. Ee Mola! Nikamjibu, nikamuuliza na yeye, nikameza mate. Ndipo akasema. Mke wake alikuwa amelazwa hospitali ya Tosamaganga, anatoka damu ndani, kesho asubuhi atapasuliwa. Daktari anataka ndugu wa kumtolea damu kwanza, bila hivyo hathubutu kumgusa. Damu ya mzee mwenyewe ilikuwa imekataliwa, na mtoto wao alikuwa huyo mmoja tu. Basi la kuja Iringa linaondoka Mbeya adhuhuri.

Nikatazama saa ya ukutani nikaona tukisubiri ng'ombe wamalize kusalimiwa, mama wa watu atazikwa. Nikachomeka waya mara ya tatu, na kijana alipoitika nikaongea mimi mwenyewe, jambo lililokatazwa kabisa. "Mama yako anaumwa, yuko Tosamaganga. Panda basi leo hii, usichelewe." Kijana akasema, "Nimeelewa, dada. Poleni."

Nikageuka nikamwambia mzee tayari, anakuja. Hakufurahi hata kidogo. "Mwanangu, umemwambia hivyo hivyo?" Nikamjibu hivyo hivyo, maneno machache na amesikia. Msimamizi akanifokea kwa kuingilia mazungumzo ya mteja, nami nikamfokea kwa kuchomoa waya wa mwenye mgonjwa, na kutwa ile hatukusemezana.

Kesho yake ilikuwa zamu yangu ya kupumzika. Sikuweza kukaa nyumbani. Nikapanda gari lililokuwa linapeleka unga hospitali, nikamkuta mzee kwenye benchi nje ya wodi, peke yake. "Hajaja," akasema. Basi lilifika jana jioni, yeye hakushuka. Nikamfuata muuguzi nikamwambia anitoe mimi damu, akanitazama tumbo, nilikuwa na mimba kubwa, akaniambia nikakae. Akasema daktari ameahirisha mpaka mchana na mgonjwa anazidi kufifia. Nilimlaani yule kijana kwa kila laana ninayoijua. Mtoto gani anaambiwa mama anaumwa anabaki kwenye spana zake?

Kabla ya adhuhuri tukasikia lori. Na kabla ya lori kuonekana tukasikia vilio. Likaingia limejaa watu nyuma, wanawake wamejifunga kanga kiunoni, wanaume wamekaa kwenye magunia ya unga na sufuria za msibani. Kijana akaruka chini, macho yamevimba. Mama mmoja mnene alishuka nyuma yake akajitupa chini palepale, analia kwa sauti kuliko wote, "Dada yangu! Dada yangu umeniacha!"

Mzee akainuka akaenda kuwapokea. Na mnajua alifanya nini? Akaanza, kamwene, kamwene, mmoja baada ya mwingine! Uvumilivu ukanishinda. Nikapiga kelele kutoka barazani, "Mzima! Jamani, mgonjwa mzima!"

Vilio vikakatika. Kijana akanijia, akaijua sauti yangu. "Dada wa simu? Si wewe uliyesema?" Nikamwambia nilisema anaumwa. Akashangaa kabisa. "Mtu anakuambia mama anaumwa, njoo leo hii, hata salamu hakuna. Hiyo si habari ya msiba? Kwetu nani anaambiwa wazi kwamba mama yake amekufa?" Ndiyo maana hakupanda basi. Hakuna anayekwenda kuzika peke yake. Alizunguka Mbeya nzima kukusanya ukoo, wakachanga, wakakodi lori.

Nikamshika mkono nikampeleka kwa muuguzi.

Muuguzi hakuwa na nafasi ya stori. Alimchukua kijana akampima, damu yake haikukubali. Nilimwona mzee akishika ukuta. Wakapimwa waliobaki, waombolezaji wote, mmoja baada ya mwingine, na iliyokubali ni ya yule mama mnene. Alikuwa mdogo wa mgonjwa, tumbo moja. Wakamlaza hapohapo, wakachukua chupa ya damu, na kabla jua halijainama mgonjwa akapelekwa kupasuliwa. Alipona. Nasema sasa ili mtu asije akakaa roho juu.

Jioni nilimpelekea yule mdogo wake chai ya maziwa. Alikuwa amekaa kitandani, bado kanga imefungwa kiunoni kwa ajili ya msiba, mkono umefungwa pamba. Nikampa pole, nikamwambia lile kosa la simu lilikuwa langu na la ukoo wao nusu kwa nusu. Hakucheka.

"Ungesema vizuri nikaelewa anaumwa, nisingekuja," akasema. "Mimi na huyu hatusemezani tangu mama yetu afe. Tuligombania shamba. Mwaka jana aliumwa, nikaambiwa, nikakaa kwangu. Lakini msiba, dada yangu, msiba nani anakosa?"

Akanywa chai kidogo, akatazama mlango wa chumba alicholazwa dada yake.

"Sasa akiamka," akaniuliza, "nitamwambia nimekuja kufanya nini?"