Dresa Dominiko, aliyeitazama damu yake mwenyewe

Asubuhi hii nimepigiwa simu kutoka Kaliua: Dominiko Mihayo amefariki. Nikawaambia warudie, nikidhani masikio yangu ya uzee yamenidanganya.

Jamani, msiniambie amekula chumvi nyingi. Hamkumjua akiwa kijana.

Mjukuu wangu ndiye anayebonyeza simu, mimi nasimulia. Mnisamehe nikirukaruka.

Enzi za Mwingereza tulifanya kazi pamoja kwenye zahanati ya malale, porini huko magharibi mwa Kaliua. Mimi mhudumu wa wodi, yeye dresa. Kazi yake ilikuwa kuwatoboa watu vidole na kuitazama damu yao kwenye hadubini.

Vijana wa leo malale hamyajui. Nzi aitwaye ndorobo anakuuma, unapata homa, halafu akili inaanza kuondoka. Mtu anasinzia na ugali mdomoni. Asipotibiwa, haamki.

Ikaja habari kwamba warina asali wanakufa kambini kwao, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Watu wetu walipokwenda kuwapima, wote walikimbilia msituni. Walisema sisi ni mumiani, wanyonya damu. Bwana mkubwa wetu, Mzungu, akasema iandikwe kwenye ripoti kwamba kambi haina watu, yaishe.

Dominiko akakataa. "Watu wapo, bwana. Wamejificha tu."

Akaondoka kesho yake. Mimi niliogopa, lakini niliona aibu kumwacha aende peke yake. Nikabeba boksi la sindano.

Kambini tulimkuta mama mmoja tu, Nyamizi. Hakukimbia kwa sababu binti yake alikuwa hawezi kutembea. Dominiko akamwamkia shikamoo.

"Mume wangu mmeshammaliza," alisema. "Sasa mnataka na mtoto?"

Dominiko akamnyooshea sindano. "Basi anza na mimi, mama. Nitoboe wewe."

Akamtoboa. Mara tatu, kwa hasira, damu ikamtiririka hadi kwenye kiganja. Dominiko hakuuvuta mkono.

Mama akakaa chini. Akaushika mkono wa binti yake na kuuleta kwetu. "Utamponya?"

"Nitamponya, mama."

Niliyasikia maneno hayo na moyo ukanishtuka. Wahudumu hatukuruhusiwa kuahidi.

Jioni ile wengine wakaanza kutoka msituni, mmoja mmoja. Tulikaa huko wiki kadhaa, ndorobo wakituuma mchana kutwa. Wagonjwa wakabebwa kwa machela hadi zahanati, na wengi walipona. Wajukuu zao wapo, huenda wengine mnasoma hapa.

Tuliporudi, Dominiko akashikwa na homa. Hakusema. Siku moja akaniita kwenye hadubini, maana alikuwa akinifundisha kuitumia.

"Felista, angalia hapa. Unaona nini?"

Nikaviona. Vidudu vyembamba vikijinyonganyonga katikati ya chembe za damu. "Malale, kaka. Ni damu ya nani?"

"Andika kwenye daftari," akasema. "Mihayo, dresa."

Nililia. Yeye akafuta kioo, akamwita anayefuata kwenye foleni.

Sindano za dawa za siku zile zilikuwa na sumu ndani yake. Zilimponya. Lakini asubuhi moja, jua limeshapanda, aliniuliza kwa nini hatujafungua madirisha ya wodi. Yote yalikuwa wazi. Nikamwambia yako wazi, naye akaelewa kwamba sindano zimempofusha.

Wiki hiyohiyo binti wa Nyamizi akafa. Si kwa malale. Kwa sindano hizohizo.

Mama yake akaja hadi kitandani kwa Dominiko. "Nilikupa mkono wa mwanangu. Uliniahidi."

"Ndiyo, mama. Nilikuahidi."

Hakujitetea hata neno moja. Maneno hayo aliyaelekeza ukutani, kwa sababu hakujua mama amesimama upande gani. Nyamizi akapitisha kiganja mbele ya macho yake, polepole. Hayakupepesa.

Nyamizi akakaa kwenye ukingo wa kitanda kile mpaka alasiri.

Serikali ikamwandikia barua ya mistari miwili kwamba kazi yake imekwisha. Mimi ndiye niliyemsomea. Aliniambia niisome tena, kisha akauliza nani atatazama damu kesho. Hapakuwa na mtu. "Basi ni wewe," akasema.

Akabaki miezi miwili, bila cheo, ameketi kando yangu kwenye hadubini. Mimi namweleza ninachokiona, yeye ananiambia ni nini. Utumishi wangu wote uliofuata, hata baada ya uhuru, niliupata hapo.

Mwaka jana nilipanda treni kwenda kumwona. Nilitaka kumuuliza kama anajutia. Akaniwahi yeye kuuliza: "Malale bado yapo huko porini?"

"Yamepungua sana, kaka."

"Kupungua si kuisha, Felista."

Hayo ndiyo maneno yetu ya mwisho. Kesho wanamzika na magoti yangu hayawezi tena safari. Kaka Dominiko, nisamehe kwa kutokuja. Uliwatumikia watu ambao hata jina lako hawakulijua, na aliyekulaumu ulimkubalia. Umestahili kupumzika. Lala sasa, kaka yangu, lala pema.