Waliotoka Mbwaa

Mwanzoni mwa miaka ya tisini nilikuwa mwalimu wa historia karibu na Nkubu, huko Meru, kijana mjuaji kupindukia. Siku moja niliwauliza wanafunzi wa darasa la saba: nani waliokomesha utumwa? Jibu nililolitaka lilikuwa kitabuni, Waingereza wenye huruma. Msichana mmoja mbishi akaandika kwamba watu weusi walijikomboa. Wazee wa kale wa Meru, alisema, walikuwa watumwa huko Mbwaa, kisiwa cha pwani, wakapanga kwa siri, wakatoroka na kuvuka maji wenyewe. Nikampa sifuri. Halafu nikalisomea darasa zima jibu lake, wakacheka mpaka akalia.

Kesho yake babu yake alikuja shuleni na kibunda cha miraa kilichofungwa kwa jani la mgomba, akanikabidhi mbele ya walimu wenzangu. Mimi ni mtu wa Embu. Niliona hongo tu, nikapandisha sauti.

"Mzee, hapa maksi haziuzwi!"

"Mwalimu, mimi sikukuja kununua maksi," alisema polepole. "Nimekuja unisikize. Hiyo maneno ya Mbwaa niliambiwa na babu yangu, vile walipanga mpaka wakatoka. Sasa wewe uandike, ufundishe hawa watoto."

"Nenda nyumbani, mzee. Tuko na kazi."

Alirudisha kibunda ndani ya koti, akaaga kila mwalimu isipokuwa mimi. Ni mwalimu mwenzangu mmoja, Mmeru, aliyenieleza baadaye, bila kunitazama usoni: kwao, mtu mwenye neno zito humpelekea mwenziwe miraa, ndipo asikilizwe kwa heshima. Niliona haya, haya ya kweli. Lakini sikumfuata. Nilijiambia nitamtembelea likizo, na kabla ya likizo tukasikia amezikwa.

Kwenye mtihani wa mwisho wa mwaka nililiuliza tena swali la utumwa, safari hii nikimwombea yule msichana abishe. Nilianza kusahihisha karatasi yake. Kwa mwandiko safi kabisa alikuwa ameandika kwamba watumwa walikombolewa na Waingereza, kwa sababu wao wenyewe hawangeweza.

Maneno hayo ya mwisho hayakuwa kitabuni. Aliyapata kwangu.