Pikapu Iliyokazwa kwa Vidole

Siku Fundi Saa alipoingia kwa mara ya kwanza kwenye yadi ya vyuma chakavu, Mama Vipuri alidhani amepotea njia. Wateja wa pale walikuja na mikono ya grisi na sauti za kupasua ngoma za masikio. Huyu alivaa shati jeupe lililopigwa pasi, akasimama kwenye geti kama mgeni anayengoja kukaribishwa sebuleni. Alipoitwa, akatoa leso mfukoni, akaifungua kona baada ya kona. Ndani mlikuwa na bolti moja, imesuguliwa mpaka ikang'aa kama hereni.

"Mama, namtafuta ndugu yake huyu," akasema.

Mama Vipuri aliigeuzageuza mkononi. "Ndugu zake wengi wameshazikwa, mzee. Ni ya gari gani?"

"Pikapu."

"Pikapu zipo nyingi kama nzi. Ipi?"

Mzee akaieleza: boneti ya mviringo, taa mbili zilizotoka nje kama macho ya mtu aliyeshtuka, bodi ya nyuma yenye mbao. Mama Vipuri akairudisha bolti kwenye leso taratibu, maana mikono ya mfanyabiashara haitakiwi kusema kilichomo moyoni. Magari ya aina ile yalikuwa yameacha kuonekana barabarani. Na alimjua bwana mmoja aliyekodisha magari ya zamani kwa maharusi, ambaye kila akipita pale swali lake lilikuwa hilo hilo: hujanipatia tu ile pikapu?

"Bolti ninayo," akasema, ingawa hakuwa na hakika. "Ila lazima nilione gari kwanza. Mimi siuzi kwa kubahatisha."

Nusu ya utajiri wake ilitokana na kubahatisha, lakini hilo mzee atalijulia wapi?

Nyumba ya Fundi Saa ilikuwa na vyumba viwili vilivyotazamana, katikati uwanja wa saruji. Chumba kimoja kilikuwa chake, na humo ndimo alimofanyia kazi ya saa: meza ndefu kando ya dirisha, saa za ukutani zikigombana kila moja na wakati wake. Cha pili kilikuwa cha kaka yake, dereva wa mizigo, ambaye walizeeka pamoja bila mke wa kudumu, mpaka kaka akatangulia. Bati za chumba hicho zilitoboka kama chujio. Pikapu ilisimama uwanjani juu ya mawe.

Tuseme ilisimama kwa heshima tu, kwa sababu kilichobaki juu ya mawe kilikuwa fuvu. Vingine vyote vilikuwa sakafuni juu ya mashuka, vimepangwa kwa safu kama vyombo vya daktari. Skrubu zilikaa kwenye bakuli za uji, nati kwenye vikombe, na waya zilifungwa kwa nyuzi za rangi. Kila kipande kilikuwa safi kuliko sahani za Mama Vipuri mwenyewe.

"Nimeifungua," mzee akaeleza.

"Hukuifungua, umeichinja!"

"Saa ikisimama unatoa vyote, unasafisha, unarudisha. Ukifungua nusu, uchafu unabaki kwenye nusu nyingine."

"Na ukishairudisha utaendesha kwenda wapi?"

"Sijui kuendesha. Kaka ndiye alikuwa anaendesha. Mimi nilikaa upande ule, nikishikilia mizigo isimwangukie."

Mama Vipuri alimtazama vizuri. Mtu asiyejua kuendesha, anayesafisha gari lisilo na dereva, katika nyumba isiyo na mtu. Mnunuzi yeyote mwenye akili huliona tunda la namna hiyo likiwa limeshaiva. Akaketi juu ya kreti la soda lililopinduliwa, akaweka bei mezani. Mzee akanyamaza. Mama Vipuri akapandisha kidogo. Mzee akaendelea kunyamaza, akipuliza vumbi ambalo halikuwepo kwenye kabureta. Mama Vipuri alikuwa ameshapambana na madalali wenye ndimi za wembe, ila ukimya ulimchosha upesi.

"Basi sema wewe, fundi. Unataka nini?"

"Fedha ukinipa nitazila zitaisha. Nataka bati."

"Bati?"

"Chumba cha kaka kikiezekwa, nitaweka mpangaji. Nyumba hii haina mtu wa kukohoa isipokuwa mimi."

Mama Vipuri alikaribia kucheka kwa furaha. Alikuwa na rundo la bati nzuri zilizotolewa kwenye ghala lililovunjwa, zinamzibia njia yadini. "Bati, mbao, misumari na mafundi, vyote juu yangu," akasema. "Vipuri pia juu yangu. Lakini mafundi wangu watapanda paani siku pikapu itakapotembea kwa injini yake. Hapo gari langu, chumba chako."

"Sawa. Na vipuri ulete mwenyewe. Usitume mtu."

"Kwa nini? Unaogopa kuibiwa?"

"Mtu wa kutumwa haketi," akajibu Fundi Saa.

Sharti lenyewe halikumgharimu kitu, akakubali. Baadaye, akiwa peke yake ndani ya gari lake, alijipongeza kwamba hajawahi kununua kitu kwa bei ya chini namna ile.

Ndivyo Mama Vipuri alivyoanza kupeleka radieta leo, plagi kesho kutwa, mara mkanda wa feni, mara kioo cha mbele alichokipakata kama mtoto mchanga. Kila alipofika, kreti lilikuwa limefutwa vumbi na chai ipo tayari, nyepesi, isiyo na sukari ya kutosha. Mzee alivaa lenzi yake ya jichoni, ile ya kazi ya saa, hata kwa kufunga nati ya tairi. Alifanya kazi kimya, halafu ghafla husema neno moja juu ya kaka yake, kama mtu anayetoa mwiba: kwamba alipenda kuimba nyimbo zisizo na mwisho, kwamba aliweka saa yake mbele ili asichelewe na bado alichelewa.

Mama Vipuri naye hakuwa mtu wa kusimulia. Alianza biashara kwa kuokota misumari kwenye majengo, mume alimkimbia mapema, na wanawe walimpigia simu pale tu mfuko wao ulipopungua. Yadini kila aliyemwamkia alikuwa anatafuta punguzo. Pale juu ya kreti hakuna aliyetaka kitu, na mara moja alijikuta amesinzia mdomo wazi, mzee kamfunika magoti kwa shuka safi ambalo lilikuwa limebakiza alama za bolti. Aliamka kwa hasira, akaondoka bila kuaga vizuri. Usingizi wa mchana ni hasara.

Siku ya kuwasha ikafika. Alileta betri, akaingia nyuma ya usukani mwenyewe, akapiga stata. Injini ikakohoa, ikanguruma, kisha ikatema moshi mweupe uwanja mzima. Akazima. Alipochomoa kijiti cha kupimia oili, oili ilikuwa imegeuka rangi ya chai ya maziwa. Maji yalikuwa yamepenya. Akaweka spana kwenye nati moja ya kichwa cha injini, akaisukuma kwa kidole. Ikazunguka. Ya pili, ikazunguka.

Damu ikampanda. "Nani amekaza hizi?"

"Mimi."

"Mzee, unanichezea! Unajua ikikamilika naondoka nayo, sasa unailegeza usiku kucha kama mke anayefumua mkeka aliousuka mchana ili usiishe! Mteja wangu amenipigia mara ngapi? Kama hukutaka kuuza ungesema!"

Fundi Saa alivua lenzi. Uso wake ulibadilika, si kwa hasira, bali kama mtu aliyepigwa kofi mbele ya watu. "Mama, toka nianze kazi sijawahi kumcheleweshea mtu saa yake kwa makusudi. Nimekaza kama ninavyokaza."

"Unakazaje?"

Akachukua spana, akaishika kwa ncha za vidole vitatu, kidole kidogo kikiwa juu kama cha mtu anayenusa ua, akaizungusha mpaka ikagoma kidogo tu, akaachia. "Hapa. Ukizidisha hapa, skrubu inakatika, na saa ya watu imekufa."

Mama Vipuri alikaa juu ya kreti. Gari zima, kuanzia chini mpaka juu, lilikuwa limekazwa kwa vidole vitatu. Lingeingia barabarani lingedondosha vipande kama kuku anayenyonyoka. Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na mzee akasimama tu, hajui kama na yeye anaruhusiwa kucheka.

"Njoo hapa. Shika kwa mikono miwili. Lalia."

"Itavunjika."

"Haivunjiki. Lalia kwa uzito wako wote, hata kama ni wa kuku."

"Inalia!"

"Iache ilie, ni chuma hicho!"

Alikaza macho yakiwa yamefumbwa. Ikabidi waanze upya: gasketi mpya, oili mpya, na kila nati ya gari lile ikarudiwa moja moja, Mama Vipuri akisimama nyuma yake akisema ongeza, ongeza, bado. Kazi hiyo iliwachukua muda mrefu kuliko walivyotarajia, na hakuna aliyelalamika. Mama Vipuri hakumwomba radhi kwa maneno yale. Alileta sukari.

Ilipowaka kwa kweli, iliwaka bila fujo. Fundi Saa aliinamisha kichwa pembeni, sikio karibu na boneti, akasikiliza kwa muda mrefu. "Haipotezi pigo," akasema.

"Panda, fundi, nikuzungushe mtaani. Kiti chako kile."

"Nani atafunga geti?"

Mama Vipuri alielewa kwamba kiti kile kilikuwa cha safari za kaka, hakurudia. Akatoka kwa gia ya kwanza, na kwenye kioo cha pembeni akamwona akifunga upande mmoja wa geti, kisha wa pili.

Bati zilipanda juma lile lile. Alituma mafundi. Sharti la kuleta mwenyewe lilihusu vipuri tu, na makubaliano ni makubaliano. Bwana wa maharusi alilipa bila kubishana sana, akaipaka pikapu rangi ya maziwa. Katika mahesabu ya Mama Vipuri, hiyo ilikuwa biashara safi kuliko zote za mwaka ule.

Miezi ikapita. Siku moja alikuwa na shughuli upande ule, akapiga hodi. Fundi Saa alifungua geti mwenyewe, shati jeupe, lenzi ikining'inia shingoni. Uwanja ulikuwa mtupu, umeoshwa.

"Umeleta saa?" akauliza.

"Hapana. Nilikuwa napita."

"Ahaa."

"Paa linavuja?"

"Hata tone."

"Mpangaji umepata?"

"Nimepata. Kijana mstaarabu, analipa kwa wakati." Akashusha sauti, akaonyesha mlango uliofungwa. "Ni mlinzi wa usiku. Natoka kununua mkate, ndiyo anarudi. Naingia kulala, ndiyo anatoka. Mchana kutwa natembea kwa ncha za vidole nisimwamshe. Hata saa za ukutani nimezisimamisha."

Mama Vipuri alitaka kucheka, akaona uso wa mzee, akaacha. Macho yake yalitafuta pa kukaa. Kreti halikuwepo.

"Karibu chai," mzee akasema kwa kunong'ona.

Maisha yake yote Mama Vipuri alikuwa ameingia nyumba za watu akiwa na kitu cha kuuza au cha kununua. Alisimama pale getini mikono mitupu, akatafuta jambo la kujadili bei yake, akalikosa.

"Siku nyingine, fundi. Nina haraka."

"Haya, mama."

Akaondoka. Alikuwa amepata pikapu, na mzee alikuwa amepata paa. Bei waliyokubaliana kila mmoja alilipwa yote, na hakuna aliyekuwa na la kumdai mwenzake.