Mimba Iliyojua Mawingu

Ng'washi alikuwa na mimba ambayo hakuwa nayo, na mtaa mzima ulikuwa unaitunza.

Ilianza mwezi wa kumi, pale kwenye baraza la duka la vitambaa, Iringa mjini. Duka ni la Kaniz, ambaye kila mtu anamwita Mama Farzana, na barazani palikuwa na cherehani mbili. Ya Ng'washi ilikaa ndani ndani, pembeni ya mlango, palipopangwa majora ya kaki na vitenge mpaka karibu na dari. Mbele kabisa, kwenye ngazi, alikaa mzee Jailos, fundi wa suruali. Wateja walianza kwake kwa kuwa ndiye waliyemwona kwanza, naye aliwasalimia wote "Kamwene!", Mhehe na asiye Mhehe.

Siku hiyo Ng'washi alitoka juani kuwapima watoto wa mteja mmoja, wanne, na kila mmoja alikuwa anacheza na futi. Alipomaliza wa nne, vimulimuli vilishaanza. Yeye anavijua. Vinaanzia pembeni mwa jicho, kama vigae vya kioo vinavyotembea. Kisha nusu ya kichwa, ile ya kulia, inaanza kugonga kama cherehani inayokanyagwa bila kitambaa. Kisha tumbo linageuka. Mama yake, kule Usangu walikohamia na ng'ombe wao kutoka Usukumani, alikuwa na hali hiyo hiyo. Akijifunga kitambaa kichwani na kuingia kwenye kibanda cha ndama, watoto walijua leo tunapika wenyewe.

Basi Ng'washi alizunguka nyuma ya duka akatapika. Aliporudi, akijifuta mdomo na ncha ya khanga, Jailos alikuwa amesimama na tabasamu pana.

"Hongera, Mama Esta! Esta wetu anapata mdogo wake."

Alitaka kukataa. Mdomo ulifunguka kabisa. Lakini kichwa kilikuwa kinagonga, na akakumbuka Mbeya. Kule Mbeya, kwenye baraza lake la kwanza, alimwambia mwenye duka ukweli, kwamba mwanga mkali unamuumiza kichwa. Haikuisha wiki cherehani yake ikawa nje. "Fundi anayeogopa mwanga atashona nini, sanda?" yule bwana alisema, na watu wakacheka. Kwa hiyo Ng'washi, pale Iringa, alitabasamu tu. Na tabasamu la mwanamke aliyetoka kutapika, kila mtu analisoma anavyotaka.

Jioni Budeba, mume wake, anayeuza mchele wa Usangu sokoni, alirudi nyumbani akikuna kichwa.

"Leo nimepongezwa na watu watatu. Mimi ndiye wa mwisho kujua?"

Ng'washi akamweleza. Budeba alicheka mpaka akakaa chini.

"Sawa. Na mwezi wa sita utawaonyesha nini? Mto?"

"Nitawaambia kabla."

"Lini?"

"Kabla."

Shida ni kwamba watu wa Iringa wana huruma. Kesho yake tu, Ng'washi alifika akakuta cherehani yake haipo pembeni ya mlango. Iko mbele, kwenye ngazi, na Jailos kahamia ndani nyuma ya majora.

"Mjamzito anataka hewa," alisema mzee, akionekana amefurahi sana na wema wake. "Huku ndani ungekufa na harufu ya kaki. Kaa hapo upate upepo, upate na mwanga."

Mwanga aliupata. Baraza linatazama magharibi, na ng'ambo ya barabara kuna nyumba iliyoezekwa bati jipya mwaka huu. Asubuhi hakuna neno. Ikifika saa tisa jua linainamia lile bati, na mwanga wote unamiminika pale ngazini kama maji ya beseni. Angesema nini? Nirudisheni gizani, mtoto anapenda giza? Alivuta khanga mpaka kwenye nyusi, akainamisha kichwa, akawa anashona kwa vidole zaidi kuliko macho. Mshono ulinyooka, maana vidole vyake vina akili kuliko yeye mwenyewe, lakini kila alasiri ya jua alirudi nyumbani akiwa nusu mtu. Esta, mwenye miaka minne, alijifunza kufunga pazia na kusema "shhh" hata kwa kuku.

Jailos naye hakuwa salama. Macho yake ya uzee yalitaka mwanga, na huko ndani alikuwa anatunga uzi kwa kubahatisha. Suruali nyeusi ya mchungaji aliishona kwa uzi wa kahawia. Alipoambiwa, alisema ndiyo mtindo.

Mwezi wa kumi na mbili ukafika, na mwezi huo mafundi hawalali, kwa sababu ya sare za shule. Mwalimu Andendekisye alileta kazi ya mashati arobaini, akamkabidhi Ng'washi mwenyewe kwa kuwa ndiye aliyekaa mbele. Mashati meupe. Ayachukue Jumamosi. Mama Farzana alifurahi, maana kitambaa chote kilitoka dukani kwake.

"Mama Esta, hii kazi ikitoka vizuri, mwalimu ataleta na za sekondari. Ikiharibika, itabidi nitafute fundi mwingine wa kukaa hapo mbele. Unanielewa?"

"Naelewa, mama."

Alhamisi mvua ilinyesha asubuhi, kisha mawingu yakapasuka ghafla. Bati la ng'ambo lilikuwa limelowa, likawaka. Kitambaa cheupe kwenye mapaja ya Ng'washi nacho kikawaka, juu mwanga na chini mwanga, akawa kama mtu aliyebanwa kati ya vioo viwili. Vimulimuli vikaja. Alijiambia shati hili moja tu. Akapapasa mfuko, akauweka, akakanyaga.

Mama Farzana alitoka kuangalia kazi. Alichukua lile shati, akaligeuza, akaligeuza tena.

"Mama Esta. Huyu mtoto kalamu yake ataichomoa mgongoni?"

Mfuko ulikuwa umekaa safi kabisa, mshono umenyooka, katikati ya mgongo wa shati.

Ng'washi alitaka kucheka, akashindwa, akakimbilia nyuma ya duka. Aliporudi, Mama Farzana alimshika mkono, akampitisha kaunta hadi stoo, akamlaza juu ya majora ya vitenge. Stoo haina dirisha. Akamletea maji, akalowesha kitambaa, akamwekea kwenye paji la uso, kisha akakaa juu ya kigoda akingoja. Muda ulipita. Kelele za kichwani zilianza kupungua.

"Nimezaa wanne," Mama Farzana alisema taratibu. "Mimba nazijua. Za asubuhi, za jioni, za kutwa nzima. Lakini yako, mimi nimeiangalia. Siku za mvua unaimba. Siku za mawingu unakula mihogo ya Jailos yote. Jua likitoka tu, saa tisa, unatapika. Mimba gani hiyo inayojua mawingu?"

Machozi yalimtoka Ng'washi, yakaingia masikioni kwa kuwa alikuwa amelala chali. Akasema yote, ya Mbeya, ya tabasamu, ya mama yake na kibanda cha ndama.

"Kwa hiyo nitahamisha cherehani, mama. Nimalizie tu mashati."

"Nani kasema uhame?" Mama Farzana alikunja uso. "Umenidanganya miezi miwili, hilo limeniuma, sitasema halikuniuma. Farzana alishaanza kuchagua majina! Lakini dada yangu mkubwa alikuwa hivyo hivyo. Ni kipandauso. Jumatatu unakwenda Tosamaganga hospitali, wakuangalie. Na leo unamwambia Jailos kwa mdomo wako mwenyewe. Hiyo ndiyo adhabu yako."

Mzee Jailos alisikiliza akiwa ameshika sindano hewani. Kisha akaweka mikono kiunoni.

"Yaani mimi nimekaa gizani kama popo miezi miwili, nimemshonea mchungaji suruali ya rangi mbili, kwa ajili ya mimba ya hewa?"

"Nisamehe, baba."

"Na kofia nimeshashona!" Alivuta droo ya cherehani, akatoa kikofia cha flana ya njano, kidogo kama chungwa, kina masikio mawili. Akakitazama kwa uchungu. Halafu mabega yake yakaanza kutikisika, akacheka mpaka miwani ikamdondoka. "Wewe mtoto! Si ungesema tu? Mimi nililia moyoni siku nilipohama ile ngazi. Saidia kubeba hii cherehani haraka, kabla hujapata mapacha."

Mama Farzana alitundika kipande cha kaki nene kutoka darini, kikakinga ile pembe ya ndani. Mashati waligawana. Ng'washi alikuja alfajiri ya Ijumaa na ya Jumamosi, akashona meupe yote jua likiwa bado halijapata nguvu, na Jailos akaweka vifungo mwangani pake, akiimba. Jumamosi saa sita arobaini yalikuwa yamepigwa pasi na kukunjwa, na kila mfuko ulikuwa kifuani.

Tosamaganga walimpima, wakakubali ni kipandauso. Walimpa vidonge vya kumeza mara tu vimulimuli vinapoanza, wakamwambia asikae na njaa, anywe maji, avae kofia pana. Hakijaisha. Bado kinakuja, ila sasa kinamkuta amejipanga: meupe asubuhi, ya kaki na ya buluu alasiri. Kikofia cha njano kinaning'inia kwenye msumari ukutani. Jailos amekataa kukishusha mpaka kipate mwenyewe, na Budeba akipita huwa anakitazama, anakohoa kidogo.

Mwezi wa kwanza mwalimu Andendekisye alirudi na kazi ya sekondari. Alikuwa bado anashusha mizigo wakati Jailos, pale ngazini, alipoona jua linagusa bati la ng'ambo. Akageuza shingo.

"Mama Esta! Mimba hiyoo, inakuja!"

Pazia la kaki likavutwa mara moja, srrr. Mwalimu alishangaa, kisha akafurahi.

"Kumbe! Hongera, Mama Esta. Ni ya miezi mingapi?"

"Ya saa tisa, mwalimu," Jailos alijibu bila kuinua macho kwenye suruali. "Ikifika saa kumi na moja inakuwa imeshakwisha."

Nyuma ya pazia cherehani ilikuwa inakwenda, ikasita kidogo, maana fundi alikuwa anacheka, kisha ikaendelea.